UZI: Bethidei ya mashujaa wa katuni nyumbani, watoto wa miaka 4 hadi 7 (Unguja na Pemba)

#1 BintiMchangani

Assalaam alaykum wanajukwaa. Maswali ya bethidei za Superman na Spider-Man yametapakaa kwenye mada kumi tofauti na majibu yanapotea. Humu tuweke vipimo, idadi na mambo yanayoharibika. Picha nzuri za mtandaoni kila mtu anazo, tuziache huko huko.

Naanza na muda. Watoto wetu asubuhi skuli, mchana chuoni (madrasa), kwa hiyo kabla ya kuandika mwaliko ulizia chuo kinapumzika siku gani. Saa nzuri ni baada ya sala ya Alasiri: watu waingie saa 10 na robo, keki ikatwe saa 11 na nusu, saa 12 kasoro robo watoto wanavaa viatu. Magharibi isiwakute watu na sahani mkononi. Saa moja na nusu kwa mtoto wa miaka minne ni nyingi tayari, ukizidisha utamaliza na vilio.

Idadi: ukialika 15, andaa vya 20. Mtoto wa jirani hasubiri kadi, akiona maputo mlangoni yuko ndani, na hakuna Mzanzibari atakayemrudisha. Kinachouma zaidi ni yule mmoja aliyekosa joho wakati wenzake wote wanalo. Kwa hiyo nyongeza iwe kwenye majoho, siyo kwenye chakula peke yake.

Mashujaa: chagua rangi, usichague mashujaa sita. Nyekundu, buluu na manjano zinakutosheleza Superman, Spider-Man, Captain America na Wonder Woman kwa ununuzi mmoja. Mtoto akiganda kwa Batman, ni nyeusi na manjano, na ile manjano inaungana na zile za mwanzo. Hulk ndiye anayevuruga bajeti, kijani na zambarau haziendi na mwengine yeyote. Mpe Hulk juisi ya parachichi, pambo asipewe.

Pesa nyingi iende kwenye majoho na michezo. Pazia la nyuma la kupigia picha lije mwisho. Mafundi na wapishi karibuni.

#2 CherehaniMlandege

Wa alaykum salaam. Nachukua majoho.

Urefu unapimwa kutoka begani hadi nyuma ya goti, basi. Miaka minne ni sm 55, miaka sita hadi saba sm 65. Likivuka goti atalikanyaga akipanda ngazi, na nyumba zetu za ngazi za mawe zile hazina huruma. Umbo: juu sm 25, chini sm 60, pembeni mstari ulionyooka tu. Usikate nusu duara, inakula kitambaa bure.

Kitambaa cha upana wa sm 150 kinatoa majoho matatu kwa mstari, ukigeuza la kati kichwa chini. Kwa urefu wa sm 65, nyekundu mita 2.7 inakupa 12, na buluu mita 2 inakupa 9. Jumla 21. Kitambaa cha upana wa sm 112 kinatoa mawili tu kwa mstari, kwa hiyo majoho 20 yatataka mita 6 na nusu, nunua 7. Muulize muuzaji upana kabla hujauliza bei. Watu wengi wananunua mita kwa macho, wakifika nyumbani hesabu haitoshi.

Satini inang'aa vizuri kwenye picha lakini inachanika nyuzi, lazima ipindwe au ipigwe ovaloki. Kama huna cherehani, nunua kitambaa cha jezi. Kile kimefumwa, hakitoi nyuzi, unakata kwa mkasi mkali na kazi imekwisha.

Kufunga ndiyo habari yenyewe. USIFUNGE KAMBA SHINGONI. Wala utepe, wala kifundo, wala pini. Mtoto anakimbia, joho linanasa kwenye kitasa cha mlango au mwenzake anamvuta kwa nyuma, na kile kifundo hakifunguki. Tumia velkro (utepe wa kunata unaobanduka ukivutwa), kipande cha sm 3 tu kila upande, ukishone mbele ya bega la kulia, siyo chini ya kidevu. Ukanda wa shingo uwe sm 35 pamoja na sehemu ya kupandana. Ukimaliza mvishe mtoto, vuta joho kwa nyuma kwa vidole viwili. Likibanduka, sawa. Lisipobanduka, velkro ni kubwa mno, ipunguze. Kuna watu wanaweka velkro sm 10 ili "ishike vizuri". Hiyo inashika kweli, hata pale isipotakiwa.

Alama ya kifuani au mgongoni: ile ya Superman ni almasi, upana sm 18, kimo sm 14, ndani weka herufi ya jina la mtoto. Bandika kwa gundi ya nguo na uiache usiku kucha chini ya kitabu kizito. Gundi ya moto ya bunduki inatoboa satini nyembamba.

#3 mama_pacha_Fuoni

Fundi ahsante. Na asiyeweza kununua kitambaa kipya?

#4 CherehaniMlandege

Khanga, dada. Upande mmoja una upana kama mita moja na nusu, unatoa majoho matatu ya upana wa sm 50, hapa la kati usiligeuze. Doti mbili ni pande nne, hayo majoho 12. Kata kuanzia chini ili pindo likae kwenye upindo wa joho, tayari lina mapambo, hutashona kitu. Juu utabakiwa na sm 40 hivi za mji, hapo toa mikanda ya kiunoni.

Halafu kuna jina. Liko katikati ya upande, kwa hiyo kwa kila upande joho moja tu ndilo linalopata maandishi kamili mgongoni. Hilo apewe mwenye siku yake. Ila soma kwanza linasema nini! Mtoto wa miaka mitano asije akatembea na kijembe cha wake wenza mgongoni mbele ya shangazi zake.

#5 mama_pacha_Fuoni

😂😂 Umenimaliza. Haya, swali la pili: mmoja wa pacha ni wa kike anataka Wonder Woman, na ile nguo ya kwenye katuni haivaliki kwetu.

#6 BintiMchangani

Nguo iache kwao. Wonder Woman anatambulika kwa vitu vitatu: taji la dhahabu lenye nyota nyekundu, bangili mbili za fedha na kamba ya dhahabu. Mvishe gauni lake refu la buluu au nyekundu na suruali chini, taji lipite juu ya mtandio.

Bangili unatengeneza kwa bomba la karatasi ya chooni: kata katikati upate mbili, kila moja ipasue kwa urefu ili iingie mkononi, zungushia karatasi ya fedha ya jikoni na ukingo uukunje kwa ndani usikwaruze. Taji ni ukanda wa manila sm 44 kwa 6, lastiki ya sm 8 nyuma ili lishike kichwa chochote. Kamba fupi tu, sm 40, iningʼinie kiunoni. Ndefu zaidi ya hapo watafungana.

#7 kaka_wa_Bububu

Naweka alama, narudi.

#8 NasariTomondo

Barakoa mimi nazipunguza sana. Wa miaka mitatu na minne wengi hawataki kitu usoni, wanalia, au wanaivua baada ya dakika tano. Barakoa inayofunika uso mzima inawazuia kuona miguu yao na hapo ndipo wanapojikwaa. Nusu uso tu: sm 18 kwa 8, matundu ya macho upana sm 4 kila moja, makubwa kuliko unavyodhani. Manila ya sm 50 kwa 70 inatoa 12 bila kubanana.

Lastiki sm 35. Matundu ya pembeni yabandike utepe wa karatasi unaonata nyuma kabla ya kutoboa, bila hivyo yanachanika mara ya kwanza mtoto anapovuta. Pini za stepla hapana kabisa, ncha zinageukia kwenye shavu. Toboa, pitisha, piga fundo.

#9 MaputoKiembesamaki

Niseme kuhusu maputo maana hapa ndipo watu wanapochoma pesa.

Tao la mita 2 linahitaji maputo makubwa 50 na madogo 15 ya kuziba mapengo. Nunua 80, yatapasuka tu. Usijaze kwa mdomo, nunua pampu ya mkono. Puto la sm 28 lijaze mpaka sm 25 tu. Kata tundu la sm 25 kwenye boksi, kila puto lipite humo, ndipo yatalingana. Likijaa mpaka mwisho, joto la saa tisa linaitanua hewa ya ndani na puto linapasuka peke yake.

Funga mawili mawili, pacha mbili zikunjane ziwe maua ya nne, kisha yazungushie kwenye mshipi wa kuvulia. Mshipi hauonekani kwenye picha, haulegei kama uzi, na upo kila duka la vifaa vya uvuvi. Nyuzi mbili sambamba, siyo mmoja, ili maua yasizunguke.

Wale wa Batman wanisikilize: puto jeusi linakunywa joto la jua, ndilo la kwanza kupasuka. Liwe ndani au kivulini. Rangi nyengine nazo zikikaa juani zinafubaa na kuwa kama zina vumbi. Tao ufunge asubuhi ya siku yenyewe.

Vipande vya puto lililopasuka viokotwe hapo hapo. Mtoto akivuta kipande kikakaa kooni, kinaziba kama kifuniko, na kukitoa ni kazi ngumu kuliko peremende.

#10 kaka_wa_Bububu

Nimerudi. Maputo ya kuelea je? Mtoto anataka yaruke.

#11 MaputoKiembesamaki

@kaka_wa_Bububu Kaka, puto la kawaida la mpira lenye heliamu linaelea kama nusu siku, na kwa joto letu pungufu ya hapo. Ukijaza asubuhi, jioni yanagusa vichwa. Ukitaka lazima, nunua mawili matatu ya karatasi ya fedha, hayo yanakaa siku kadhaa, uyafungie uzito ili yasiende baharini.

Na uone mtungi umeandikwa heliamu. Muuzaji akikuletea "gesi ya kupaisha" bila mtungi wenye jina, achana naye. Haidrojeni nayo inapaisha, tena vizuri zaidi, lakini inashika moto, na wewe utakuja na mishumaa.

#12 kaka_wa_Bububu

Nimeelewa. Yaning'inizwe darini kwa uzi, kwa mtoto yanaruka hivyo hivyo.

#13 MaputoKiembesamaki

Umemaliza kazi.

#14 KekiJangombe

Keki sasa. Kwa watu 25: tini ya duara ya sm 23, unga gramu 300, sukari gramu 300, majarini gramu 300, mayai 6, baking powder vijiko vya chai 3. Piga majarini na sukari mpaka iwe nyeupe, yai moja moja, kisha unga. Joto 170, dakika 50 hadi 55. Ikipoa kabisa kata katikati upake ndani. Vipande vya sm 5 kwa 2.5 vitatosha wote.

Tatizo siyo keki, ni kupamba kwa rangi za mashujaa kwenye hali ya hewa yetu. Krimu ya majarini peke yake inateremka saa kumi jioni. Changanya nusu kwa nusu: majarini gramu 150 na mafuta meupe ya mgando gramu 150, sukari laini ya kupambia gramu 600, maziwa vijiko vikubwa 2, usizidishe. Mafuta ya mgando yanastahimili joto.

Buluu: majarini ni ya manjano. Ukitia rangi ya buluu humo utapata kijani, na Superman wa kijani watoto hawamkubali. Krimu ya buluu itengeneze kwa mafuta meupe matupu.

Nyekundu: tia rangi nzito ya jeli jana yake, uiache usiku. Inajikoleza yenyewe. Ukimimina rangi mpaka iwe nyekundu pale pale, asubuhi itakuwa damu ya mzee na ladha chungu. Na nyekundu inavuja kwenye nyeupe penye unyevu, kwa hiyo alama nyekundu ipakwe mwisho, saa moja au mbili kabla ya wageni.

Nyeusi ya Batman: anza na krimu ya kakao ikiwa kahawia, kisha tia nyeusi. Ukianza na nyeupe utamaliza kichupa kizima ubakie na kijivu.

Zile keki za fondanti (zilizofunikwa kwa donge la sukari) zinazong'aa: zikitoka kwenye friji au gari yenye kiyoyozi kuingia kwenye joto letu zinatoa jasho, rangi zinachuruzika na vinyago vinalala. Ukiagiza ya fondanti usiitie friji, iache chumba chenye feni.

Bi Fundi kasema satini, mimi naongeza: joho la polyester halichomeki kama pamba, linayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wakati wa mishumaa mwenye bethidei avuliwe joho, wenzake wasogezwe hatua mbili. Akigoma kuvua, mtu mzima alishike kwa nyuma.

#15 Bi_Mkubwa_Mkunazini

Wanangu, na wale wasiopuliza mishumaa kwa sababu zao za dini, waachieni nafasi. Kuna familia zinaita sherehe hii ya kumaliza mwaka wa skuli, dua inasomwa, watoto wanakula, majoho ni yale yale. Mwaliko ukiandikwa "mchana wa watoto" kila mzazi anamleta wake bila dhiki. Na mziki uzimwe adhana ikilia.

#16 KekiJangombe

Naam Bi Mkubwa, shikamoo. Hata mimi naletewa keki bila jina wala tarakimu, alama ya shujaa tu.

#17 JikoLaMwanakwerekwe

Chakula, haraka haraka. Watoto hawali kama mnavyofikiri, wanakula mama zao. Mtoto mmoja: sambusa 2, katlesi 1, kipande cha keki. Mama aliyekuja naye: mara mbili ya hiyo na chai.

Nyama ya kusaga kilo 1 na vitunguu nusu kilo inakupa sambusa 50 ndogo. Iive mpaka ikauke kabisa, maji yakibaki manda zinalowa na kupasuka kwenye mafuta. Viazi kilo 1 na nyama gramu 300, katlesi 20 hivi. Pilipili weka kwenye chatne pembeni, ndani ya chakula usitie. Juisi glasi 2 za ml 200 kila mtoto: watoto 20 ni lita 8, nawe fanya 10. Ya bungo inafaa, ya parachichi ndiyo "ya Hulk", itengenezwe mwisho maana ikikaa inakuwa kahawia, ndimu kidogo inaichelewesha.

Urojo msijaribu. Watoto 20 wenye majoho na bakuli za mchuzi wa manjano, fundi atalia.

Karanga nzima, bisi na kashata viwe mbali na walio chini ya miaka minne, vinapalia. Soseji ikatwe kwa urefu kwanza ndipo vipande, siyo duara duara. Na kwenye kadi ulizieni mapema mtoto gani hali karanga au mayai.

#18 mtu_wa_Wete

Yakhe, huku Pemba nataka kufanya jeli nyekundu na buluu kwenye vikombe. Umeme ukikatika friji inalala, na jeli ya paketi ikikaa nje inarudi kuwa maji. Kisha gelatini yenyewe sina imani nayo.

#19 JikoLaMwanakwerekwe

Uko sahihi mara mbili. Gelatini inalainika kwenye joto la chumba chetu, na nyengine hutokana na nguruwe, kwa hiyo kama paketi haina alama ya halali iache dukani.

Tumia agari ya unga, inatokana na mwani. Kijiko cha chai kimoja, kama gramu 2, kwa kikombe cha ml 250 cha juisi au maji yenye sukari. Ikoroge ikiwa baridi, iwashe, ichemke kweli kweli dakika 2. Ikichemka nusu haigandi. Mimina ikiwa ya moto. Inaganda yenyewe juu ya meza bila friji, na ikishaganda hairudi maji mpaka ifike karibu nyuzi 85, hata saa tisa ya mwezi wa pili haikufikishi huko.

Mambo mawili: juisi kali kama ya ndimu au ukwaju inaidhoofisha, ipike agari kwa maji kwanza kisha changanya juisi mwisho. Na ukitaka tabaka mbili za rangi, mimina la pili wakati la kwanza limeshika juu lakini bado lina joto, likipoa kabisa tabaka zinaachana. Inakatika kuliko gelatini, haitikisiki, watoto hawajali.

#20 mtu_wa_Wete

Ahsante sana. Agari nitaagiza Unguja wiki mbili kabla, nisije nikasubiri meli.

#21 NasariTomondo

Michezo. Hapa sitafupisha, maana pambo lote hilo litatazamwa dakika tano, saa moja iliyobaki ni yako.

Wagawe makundi manne ya watoto watano, mawili ya majoho mekundu na mawili ya buluu. Vituo vinne, kila kituo dakika 8, filimbi ikilia wanahama pamoja. Mtu mzima au dada mkubwa mmoja kila kituo. Bila mgao huo, watoto 20 watakimbilia kituo kimoja na wa mwisho kwenye foleni ataanza kupigana.

Kituo cha utando wa buibui. Watu wanafunga uzi wa sufi mlangoni toka juu mpaka chini wakapiga picha. Usifanye. Mtoto wa miaka mitano shingo yake iko kwenye sm 85 hadi 95, na akikimbia uzi unamkata. Nyuzi zote ziwe chini ya sm 60, watambae na kuruka, na badala ya uzi tumia utepe wa karatasi unaonata wa mafundi rangi, unakatika ukivutwa. Majoho yavuliwe hapa.

Kituo cha kuokoa. Vinyago vya sm 5 (visiwe vidogo kuliko 4) vigandishwe kwenye vikombe vya plastiki vya mtindi, maji nusu kikombe, kama ml 80, usiku kucha. Mtoto anapewa bakuli la maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo na kijiko, anaokoa mtu wake. Ukijaza kikombe kizima barafu haitayeyuka ndani ya dakika 8 na utakuwa na mtoto analilia kinyago. Wa Wete, umeme ukikosekana zika vinyago kwenye beseni la mchanga, inakuwa kifusi.

Kituo cha ngao. Sahani mbili za karatasi zilizobandikwa uso kwa uso, rangi nyekundu na nyeupe duara duara, nyota katikati. Sahani moja inapepea ovyo, mbili zinakwenda mbali. Warushe wapitishe kwenye mduara wa waya uliofungwa kitambaa, mita 1.5 kwa wa miaka minne, mita 2.5 kwa wa sita. Mwezi wa sita hadi wa tisa kusi linavuma, warushe kwa kufuata upepo au muhamie ndani.

Kituo cha nne ni kubeba jengo. Boksi tupu la friji ndogo au la televisheni, lipakwe rangi, mtoto analiinua juu ya kichwa na kupigwa picha. Chora majengo yetu: magorofa marefu ya Michenzani ni rahisi kuliko yote, boksi limelala na safu za madirisha. Jumba la Maajabu nalo, kama lilivyokuwa kabla ya kuporomoka mwaka 2020, veranda tatu na mnara wa saa. Majengo ya New York hayamsisimui mtoto wa Jang'ombe kama kuinua gorofa la bibi yake.

#22 BintiMchangani

Hiyo ya Michenzani naichukua hata kwa pazia la nyuma. Maboksi ya bure yapo Darajani jioni maduka yakifunga. Kila boksi la nyuma litiwe chupa ya lita moja na nusu iliyojaa mchanga, bila hivyo upepo mmoja na mji wote uko chini.

#23 kaka_wa_Bububu

Na adui? Kuna shemeji yangu anataka kuja kavaa kama adui awashambulie watoto.

#24 NasariTomondo

Mwambie shemeji apumzike, kaka. Wa miaka saba watacheka, wa miaka mitatu watalala na taa mwezi mzima. Mtu mzima aliyefunika uso anaingia kwa kelele, nusu ya watoto wanakimbilia mlangoni na mlango uko barabarani.

Adui awe boksi. Tengeneza Zimwi la Taka: boksi refu, mdomo uliokatwa sm 30, macho ya vifuniko vya ndoo. Watoto wanalipiga kwa mipira ya karatasi iliyofinyangwa, kila inayoingia mdomoni linapungua nguvu, na shemeji anakaa nyuma analipigia kelele za kuumwa. Lifanyeni mwisho kabla ya keki. Ukiwaambia Zimwi bado lina njaa, wataokota sahani, vikombe na karatasi zote uwanjani walitie. Dakika kumi uwanja safi.

#25 mama_pacha_Fuoni

Hapo kwa Zimwi nimesimama nikapiga makofi. Zawadi za kuondokea mnatia kwenye nini, mifuko ya plastiki si marufuku?

#26 BintiMchangani

Marufuku, ndiyo. Joho na bangili ni zawadi tosha, anaondoka navyo. Ukitaka kuongeza, bahasha ya khaki yenye alama ya shujaa, ndani ubuyu na visheti vitatu vinne vilivyofungwa kwenye karatasi. Ubuyu kwa wale wakubwa tu, mbegu zake zinapalia, na ule mwekundu ufungwe mara mbili maana rangi yake inahamia kwenye satini na haitoki.

#27 mtu_wa_Wete

La mwisho kutoka kwangu. Bethidei iko mwezi wa nne, masika yenyewe. Uwanja sina uhakika nao.

#28 NasariTomondo

Panga ya ndani tokea mwanzo, mvua isipokuja utatoka nje. Barazani weka utando na barafu, sebuleni boksi na Zimwi, ngao ifutwe kabisa. Makundi yawe mawili ya watoto kumi badala ya manne, kila kituo dakika 12, na wasaidizi wawili wawili. Mazulia yakunjwe, sakafu ya saruji ikilowa na barafu inateleza, tandika magunia chini ya kile kituo. Viatu vibaki mlangoni kwenye beseni moja kwa kila rangi ya joho, vyenginevyo saa 12 kasoro robo utakuwa na viatu 40 na mama 15 wanavitafuta.